Mafuta laini, harufu ya samaki na mmoja wa manjano: nini kimewapata kondoo wa Mau Narok?

Swali limetoka kwa mama mmoja mfugaji wa Mau Narok. Nimelifupisha kidogo tu:

"Daktari, habari za kazi. Nina kondoo 32, chotara wa Dorper. Mvua ilipochelewa nilianza kuwapa chakula cha nyongeza: shayiri ninayopeleka kusagwa kinuni, chakula cha ng'ombe wa maziwa kinachobaki kwa ng'ombe wangu wawili, omena ya kusaga ambayo shemeji huniletea kutoka Kisumu, na karoti zinazokataliwa na madalali. Wamenenepa sana. Lakini mwenye bucha ninayemuuzia Nakuru haishi kulalamika. Mara mafuta ni laini mno, mara nyama ina harufu isiyo yake, mara imekuwa nyeusi, na mwezi uliopita mmoja alikuwa na mafuta ya manjano. Nikamwambia ni karoti. Sasa anataka kunipunguzia bei. Je, ni hivi vyakula vinavyoharibu nyama? Na nikiviacha, niwape nini ili nyama iwe tamu kama ya kondoo tuliokula zamani?"

Mama, nianze na yule wa manjano. Hao wengine wanakupunguzia bei. Huyo anaweza kukumalizia zizi.

Karoti hazina kosa. Ng'ombe akila majani mabichi kwa wingi, rangi ya karotini hupita na kukaa kwenye mafuta yake, ndiyo maana mafuta ya ng'ombe wa malishoni huwa na rangi ya samli. Kondoo hayuko hivyo. Mwili wake huibadilisha karotini karibu yote kabla haijafika kwenye mafuta, nayo hubaki meupe hata ukimmwagia karoti gunia zima. Wapo wachache sana wanaozaliwa na mafuta ya manjano, lakini katika orodha yako kuna kitu kinachonitia hofu kuliko urithi: chakula cha ng'ombe wa maziwa.

Chakula hicho, na chumvi ya ng'ombe pia, huongezwa madini ya shaba. Ng'ombe anaihitaji, na ziada anajua kuitoa. Kondoo huiweka ziada hiyo kwenye ini, wiki baada ya wiki, bila dalili yoyote. Anakula, ananenepa, manyoya yanang'aa. Kiwango ambacho wengi tunakichukulia kama mwisho ni miligramu 15 za shaba kwa kila kilo ya chakula cha kondoo, na chakula kilichochanganyiwa ng'ombe mara nyingi hupita hapo. Kisha siku moja anapata mshtuko: mvua ya baridi, kufukuzwa na mbwa, kupakiwa kwenye pikapu. Ini huiachilia shaba kwa mpigo, chembe nyekundu za damu hupasuka, na ndani ya siku moja au mbili macho na ufizi huwa vya manjano na mkojo huwa mwekundu mweusi kama chai ya rangi iliyochemshwa sana. Watu husema ameuawa na baridi ya Mau.

Haya nimeyajua kwa hasara yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi, nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya, niliwatundikia kondoo wangu 11 jiwe la chumvi la ng'ombe kwa sababu dukani la kondoo lilikuwa limeisha. Miezi minne baadaye nikawahamisha kutoka Njoro, safari ya asubuhi moja tu. Watatu walikufa wiki ileile. Nilimpasua mmoja nikitarajia kukuta minyoo. Minyoo hakuna. Ini lilikuwa na rangi ya chungwa, na figo zilikuwa nyeusi zenye mng'ao wa samawati kama chuma cha bunduki. Ukishaziona figo hizo mara moja huhitaji kufundishwa tena.

Kwa hiyo leo jioni chakula hicho kirudi kwa ng'ombe wake. Chumvi ya ng'ombe nayo itoke. Na kama kuna jirani aliyekushauri kuwapa mbolea ya kuku iliyokaushwa, mwambie asante na uiache shambani: ina shaba, na ina mengine mabaya zaidi. Kabla hujawapakia wengine, mwite daktari wa mifugo wa eneo lako awachukue damu, maana manjano ina sababu nyingine pia, kama mimea yenye sumu. Zipo dawa za kupunguza shaba mwilini polepole, ila kipimo chake ni cha daktari, si cha kukisia. Na mzoga wa manjano hauliwi, mama. Natumaini mkaguzi wa nyama aliuona. Kama ulifika buchani bila muhuri, basi mwenye bucha naye ana swali la kujibu.

Sasa mafuta laini. Hapa analolalamikia ni kweli, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika kazi hii, kwa hiyo nivumilie.

Chukua kipande cha mafuta ya mgongoni kilicholala usiku kucha mahali pa baridi, ukibonyeze kwa kidole gumba. Mafuta ya kondoo wa nyasi ni makavu na magumu, yanavunjika kama mshumaa. Mafuta ya kondoo aliyeshindiliwa unga wa nafaka hubonyea, na kidole kinatoka kimeloa. Mwenye bucha hayapendi kwa sababu hayakatiki vizuri, yanateleza, na mteja anadhani nyama imelala.

Kinachofanyika ni hiki. Chakula unachomwekea kondoo kwenye hori hakiliwi na kondoo kwanza. Huliwa na vijidudu vilivyo kwenye tumbo la kwanza, lile kubwa la kucheua, na kondoo huishi kwa kile vinachokiacha pamoja na miili ya vijidudu vyenyewe. Mafuta majimaji yaliyomo kwenye majani, vijidudu huyageuza karibu yote kuwa mafuta magumu. Ndiyo maana mafuta ya kondoo huganda sahanini kabla hujamaliza ugali. Lakini ukimpa unga wa shayiri, wanga wake unachachuka haraka mno na kutoa asidi nyingi iitwayo propioniki. Asidi hiyo si adui. Ini huigeuza kuwa sukari, na sukari ndiyo nguvu ya kunenepea. Tatizo ni mafuriko. Ini likizidiwa, mabaki ya asidi hiyo huingizwa kwenye kutengeneza mafuta, na yanayotokea ni mafuta yenye matawi. Fikiria kuni. Zilizonyooka zinapangika zikabana. Zenye matawi-matawi haziwezi kupangika. Mafuta yenye matawi hayabanani, kwa hiyo hayagandi. Na baadhi ya hayo mafuta yenye matawi, yale mafupi, ndiyo yanayotoa ile harufu ya beberu ambayo watu wengine hawawezi kabisa kula kondoo kwa sababu yake. Kwa dume mzee huzidi.

Kuna jambo la kwetu hapa. Ili ini liweze kuishughulikia asidi hiyo linahitaji vitamini B12, na vitamini hiyo hutengenezwa na vijidudu vya tumboni kwa kutumia kobalti. Udongo wa sehemu za Bonde la Ufa zinazozunguka Nakuru una upungufu wa kobalti unaojulikana tangu enzi za walowezi. Mifugo ilikuwa ikikonda na kufa ikiwa imesimama kwenye nyasi za kijani, na ugonjwa ukapewa jina la mji wenyewe: vitabu vya madini ya mifugo duniani bado vinauita Nakuruitis. Sisemi kondoo wako wanao. Wangekuwa wamekonda, si kunenepa. Nasema kwamba kondoo wa pande zetu aliyepewa nafaka nyingi bila madini yenye kobalti anakimbia mbio ndefu kwa mguu mmoja.

Dawa ya mafuta laini itakushangaza kwa urahisi wake: usisage shayiri. Miaka ya 1970 watafiti wa Taasisi ya Rowett kule Aberdeen, Uskoti, waliwalisha wanakondoo shayiri nzima badala ya iliyosagwa au kupondwa, na mafuta ya mgongoni yakawa magumu zaidi, kuta za tumbo zikawa na afya zaidi. Sababu ni kwamba kondoo, tofauti na ng'ombe, anajua kuzitafuna punje. Anazitafuna, anatoa mate mengi, mate hupooza uchachu, na wanga unatoka polepole. Ng'ombe ukimpa punje nzima utazikuta kwenye samadi. Kondoo utazikuta chache sana. Hela uliyokuwa ukimpa mwenye kinu, na nauli ya boda ya kupeleka magunia huko, itanunua madini.

Harufu sihitaji kuizungusha. Ni omena. Nawaelewa wanaoitumia, maana protini yake ni nzuri na Kisumu inapatikana, na kuku huifurahia. Lakini omena ni samaki mwenye mafuta, na sehemu ya mafuta hayo hupenya tumbo la kwanza bila kugeuzwa, yakaingia kwenye nyama. Ni mafuta yaleyale ya omega-3 tunayosifiwa na wauguzi. Kwenye sahani ya mgonjwa ni mazuri. Kwenye paja la kondoo linaloning'inia buchani tangu alfajiri, yanaanza kuharibika kwa hewa upesi kuliko mafuta mengine, na saa nane mchana yananuka dagaa wa juzi. Acha omena angalau siku 45 kabla ya kuchinja. Mwili hauvui mafuta kama koti, unayabadilisha polepole.

Kuhusu nyama kuwa nyeusi, kuna jambo inabidi umuulize mwenye bucha mwenyewe, na umuulize hivi: ilikuwa nyeusi tangu ilipochunwa, au ilianza nyekundu ikageuka baadaye? Haya ni magonjwa mawili tofauti.

Kama ilikuwa nyeusi tangu mwanzo, kavu na ya kunata mkononi, kosa si la chakula cha miezi mitatu bali la saa 24 za mwisho. Msuli ulio hai una akiba ya sukari, glikojeni. Baada ya kuchinja akiba hiyo hugeuka kuwa asidi na kushusha pH ya nyama, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, hadi kati ya 5.5 na 5.8, na hapo ndipo inapopata rangi nzuri, ulaini na maisha marefu. Kondoo aliyepakiwa saa kumi jioni, akateremka barabara ya Mau Narok hadi Njoro amefungwa miguu, akalala uani kwa mtu Nakuru bila maji huku mbwa wakibweka, anafika kisuni akiba imekwisha. pH inabaki juu ya 6, na nyama inakuwa nyeusi na kuoza mapema. Chakula cha nyongeza hapa ni rafiki yako, kwa sababu kondoo aliyekula nafaka ana akiba kubwa zaidi ya yule wa nyasi kavu. Ila akiba yoyote huisha kwa mateso. Wafungulie miguu, weka nyasi sakafuni mwa gari, wapate maji wakifika, na wafike asubuhi ya kuchinjwa au wapewe siku nzima ya kupumzika.

Kama ilianza nyekundu ikawa kahawia kabla ya jioni, hapo tunarudi horini. Rangi ya nyama ni mioglobini, na hewa huigeuza kahawia kama tunda la parachichi lililokatwa. Kinachoizuia ni vitamini E, na vitamini E inatoka kwenye majani mabichi. Nafaka zina kidogo, na nyasi zikikaushwa juani hupoteza sehemu kubwa. Kondoo wa unga na robota kavu miezi mitatu atakuwa ameishiwa. Unaweza kununua vitamini E ya unga ukaichanganya kwenye chakula, inafanya kazi kweli, lakini wewe unaishi juu ya mita 2,500 ambako kijani hakikauki kabisa kama kule Baringo. Wape majani mabichi mwezi wa mwisho, kila siku, na utakuwa umeinunua vitamini hiyo kwa panga.

Basi uwape nini? Shayiri nzima, anza na gramu 100 kwa kichwa kwa siku, upandishe polepole kwa wiki mbili hadi 300 au 400, na usivuke hapo hata ukiona wanaitaka. Nafaka ya ghafla inaua kwa uchachu, na hata ukipandisha taratibu wachanje kwanza dhidi ya enterotoksemia, ugonjwa wa sumu ya bakteria wa utumbo, maana huwachukua wale wanene zaidi. Ongeza gramu 100 hadi 150 za mashudu ya alizeti badala ya omena. Mashudu ya pamba nayo hufaa, ila yana sumu yake ya asili na sipendi kuyazidisha kwa wanakondoo. Nyasi au majani yawepo mbele yao muda wote, wanakondoo wa kilo 25 wakila vizuri watamaliza karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kila kitu kikijumlishwa. Chotara wa Dorper asiye na minyoo anaweza kuongeza gramu 150 hadi 200 kwa siku kwa lishe ya namna hii. Mwenye minyoo ataongeza minyoo.

Pumba za ngano nimeziacha makusudi. Kwa jike hazina neno, lakini zina fosforasi nyingi, na kwa madume mnaowanenepesha hiyo fosforasi hutengeneza vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Ukilazimika kuzitumia, changanya na chokaa ya kulishia mifugo.

Madini: sema neno kondoo ukifika agroveti, kisha usome mfuko mwenyewe. Unatafuta kobalti na seleniamu, na unataka pasiwe na shaba iliyoongezwa. Mwuzaji akikwambia "ni ileile tu", nenda duka la pili.

Watu wengi watakushauri kaliandra, ule mti wa malisho, na kwa aliye Kakamega au Rongai nami ningemshauri. Ina tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, na tanini husaidia kupunguza ile harufu nyingine ambayo sijaitaja, ya majani yenye protini nyingi. Majani machanga na lusani, protini yake ikivunjwa upesi tumboni hutoa kitu kiitwacho skatoli, ambacho ni sehemu ya harufu ya zizi. Kwako kaliandra itateswa na baridi. Panda oti pamoja na vechi, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, zinastawi juu huko, na ukiwa na lusani wape kiasi, si shibe nzima.

Kisha uliniuliza utamu wa zamani, na hapo sayansi inaanza kukwepa. Kuna jaribio moja la Ulaya ninalolipenda sana: nyama ya kondoo ileile walipewa Waingereza na Wahispania waonje. Waingereza walisifu ya kondoo wa malishoni, mzito wa harufu. Wahispania wakasifu ya mwanakondoo wa maziwa na nafaka, isiyo na harufu kali. Kila mmoja alisifu alichokulia nacho utotoni. Kondoo uliyemla wewe zamani, kama hukukosea, alikuwa mwekundu wa Kimaasai au chotara wake, wa miaka mitatu au minne, hajawahi kuona gunia la chakula, na alichomwa siku aliyochinjwa, mafuta ya mkia yakidondokea makaa. Ule utamu ulikuwa umri, nyasi na moshi. Na alikuwa mgumu, mama, ila mlikuwa na meno.

Hoteli za Naivasha hazitaki ule. Zinataka laini, na ulaini unaletwa na umri mdogo kuliko kitu chochote unachoweza kukipima kwenye debe. Kazi kubwa ya chakula cha nyongeza kwenye nyama ni hiyo tu: kumfikisha kondoo kwenye uzito kabla hajakomaa nyuzi, akiwa na tabaka la mafuta la kumfunika. Tabaka hilo lina faida nyingine, kwamba kondoo mwembamba akiingizwa kwenye friji akiwa bado wa moto misuli yake hujikunja kwa baridi na kuwa kama mpira, hata awe mchanga namna gani. Mwambie mwenye bucha asiwakimbize kwenye friji; wapoe kwanza saa kadhaa.

Kwa hiyo soko lako ni lipi? Ukimuuzia wa nyama choma wa Njoro, mpe kondoo wa nyasi na nafaka kidogo, mwenye mkia. Ukimuuzia hoteli, mpe wa miezi minane hadi kumi, shayiri nzima na majani mabichi.

Bei usikubali ipunguzwe bado. Mwombe mwenye bucha wiki nane, na siku ya kondoo wa kwanza wa lishe mpya, teremka naye mpaka kwenye machinjio. Bonyeza mafuta kwa kidole chako mwenyewe. Kisha mwombe mchinjaji akuonyeshe figo kabla hajazitupia kwenye karai, uziangalie mlangoni kwenye mwanga. Zikiwa za kahawia nyekundu, nitumie salamu. Zikiwa nyeusi, nipigie simu kabla hamjapakia mwingine.